Pepo Aliyetaka Chanika

Mimba ya kwanza ya Somoe ilipoingia mwezi wa saba, moyo wake ulianza mbio. Si mbio za mtu aliyeona nyoka, la, mbio tu zisizo na sababu. Akiinama kupuliza moto, unakwenda. Akikaa kupepeta mchele, unakwenda. Akijinyoosha kitandani apumzike, ndiyo kwanza unachachamaa mpaka anausikia masikioni, na pumzi haishuki, inaishia juujuu kifuani. Jioni miguu imevimba, ndara haziingii. Na watu wa Temeke, tuwajuavyo, hawawezi kuuona moyo wa mwenzao unakwenda mbio wakanyamaza. Walisema weee, huyu hivi na yule vile, na mwisho wote wakakutana mahali pamoja: huyu binti ana pepo.

Mama mkwe wake, Bi Hija, hakuwa mtu wa kukimbilia waganga. Alikuwa mjane mwembamba, mkali wa macho, nyumba ya makuti ile ni yake, na mwanawe Mwishehe, mume wa Somoe, alikuwa akiishi humo kwa amri zake. Lakini alipomwona mkwewe amesimama katikati ya ua na ndoo ya maji kichwani, anahema, mkono kifuani, aliingiwa na hofu ya kweli. Akaitwa mganga kutoka Mtoni. Mganga akafukiza ubani, akamwuliza Somoe akilala anaota yuko wapi. Somoe akajibu anaota yuko Chanika, kwa mama yake. Hakusema uongo. Mganga akatikisa kichwa kwa huzuni ya watu wa kazi ile, akasema basi, jambo liko wazi: pepo mwenyewe ni wa upande wa mama, hataki makelele ya mjini, hataki huyu mtu abebe maji wala atwange, anataka arudishwe Chanika akazalie huko.

Sasa hapo ndipo penyewe. Tangu mwezi wa kwanza Somoe alikuwa hana ombi jingine duniani ila hilo. Kwao, na kwa kila mtu wa pwani hii mwenye kwao, mimba ya kwanza mtu huenda kuzalia kwa mama yake. Bi Hija alikuwa amekataa katakata. Mke wa mwanawe mkubwa alipelekwa kwao Kisarawe hivyohivyo, kwa ngoma na vifijo, akazaa huko na hakurudi, na yule mtoto leo anamwita mwanamume mwingine baba. Bi Hija alisema damu yake haitoki tena nje ya ua huu. Somoe alilia, alinuna, alimsukuma mume akaseme, mume akaenda akarudi kimya. Kumbe pepo ana ulimi kuliko mume. Alisema neno moja tu, na Bi Hija akakubali papo hapo kwamba Ijumaa mkwe aende.

Siku zile chache Somoe aliishi kama malkia. Maji aliletewa, uji wa pilipili manga aliletewa, na jirani yao Chausiku, mwanamke wa mimba nyingi na mapepo mengi, alikuja kukaa naye kitandani na kumfundisha namna ya kuugua kwa heshima. Chausiku alisema pepo wake mwenyewe kila mimba alikuwaga anataka kanga mpya na kupumzishwa kutwanga, na hajawahi kunyimwa. Somoe alikuwa keshafunga na mzigo wake.

Balaa lililetwa na Mwishehe, na alilileta kwa mapenzi. Alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali mjini, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake, na hakuna kitu kipya kilichokuja Dar es Salaam asikitake. Alishawahi kununua miwani, na macho yake mazima. Karani mmoja wa ofisini, mtu wa Bukoba, alimwambia kwamba katika kliniki ya wajawazito huko Temeke kumekuja nesi wa kwao, amesoma ukunga sawasawa, aitwa Felicitas. Basi Alhamisi Mwishehe akaomba ruhusa kazini, akasema pepo na awe pepo, lakini mtu akapimwe kwanza ndipo asafiri. Somoe hakuwa na wasiwasi. Alijua anaumwa, kifua chake mwenyewe kilikuwa shahidi.

Nesi Felicitas alikuwa msichana mrefu, gauni jeupe, Kiswahili chake cha bara kimenyooka, kila neno anamaliza. Manesi wengine walisema lala, geuka, amka, nenda. Huyu alieleza. Alipenda kueleza kama watu wengine wanavyopenda kula, na wanawake waliokuwa wakingoja nje, wakimsikia ameanza, walikaa chini kabisa na kunyoosha miguu. Mwishehe akataka kubaki nje na wanaume wenzake, nesi akamwita ndani naye. Alisema waume ndio wanaopaswa kusikia.

Akamlaza Somoe kwa ubavu wa kushoto, akasikiliza kifua kwa ile mipira ya masikioni, akashika mkono akahesabu mapigo, akatazama macho, ulimi na kucha, akabonyeza miguu. Kisha akachukua kile chombo cha mbao chenye umbo la pembe, akamsikiliza na mtoto tumboni. Akauliza kama amewahi kuzimia. Kama kifua kinamwuma. Kama usiku anashindwa kulala mpaka akae kitako kwa kukosa pumzi, au anakohoa, au asubuhi anaamka uso umevimba. Ndiyo ilikuwa mdomoni mwa Somoe, ipo tayari, imekaa juu ya ulimi, lakini kila swali Mwishehe alilidaka yeye, hapana nesi, hapana nesi, kwa furaha ya mtoto wa shule anayejua majibu.

Nesi akatabasamu. "Mama, moyo wako hauumwi," akasema. "Unafanya kazi."

Akaeleza. Tangu mimba ilipoingia, mwili umekuwa ukiongeza damu kidogo kidogo, na sasa ipo karibu nusu nyingine juu ya ile ya zamani, kwa sababu kuna mtoto wa kulisha na kondo la kumlishia. Damu imezidi, moyo ni uleule mmoja. Ufanyeje? Unasukuma zaidi na unakwenda haraka zaidi, mchana na usiku, hata mwenyewe akiwa amelala. Ndiyo maana anausikia masikioni. Hata ukiusikiliza kwa mipira unatoa mvumo mdogo ambao mwezi wa kwanza haukuwepo, na huo nao si ugonjwa, ni damu nyingi inapita. Pumzi ni fupi kwa kuwa mtoto anasukuma kwenda juu. Miguu inavimba jioni kwa kuwa tumbo limeibana njia ya damu inayopanda. Akilala chali moyo utamzidi, basi alale ubavu. Akishajifungua, mambo haya yote yatarudi yalivyokuwa, taratibu, hatajua hata yameondoka lini. Yale aliyomwuliza, kuzimia na kifua kuuma na mengine, akiyaona hata moja aje mbio bila kungoja siku ya kliniki. Lakini haya aliyonayo ni kawaida kabisa.

Maelezo yalikuwa mazuri, nani atabisha? Yalimfukuza pepo palepale kitandani, bila ubani. Somoe alilala anatazama ukuta, machozi yanamtoka pembeni, na nesi akampigapiga begani kwa upole, akidhani ni ya furaha.

Mwishehe alianza kuitangaza habari tangu mlangoni: mama, ni kawaida, damu imeongezeka nusu! Bi Hija alikaa chini kwenye kigoda akamshukuru Mungu kwa sauti, na nisimsingizie, alishukuru kwa moyo wake wote. Alikuwa amekosa usingizi kwa ajili ya yule binti. Kisha, alipomaliza kushukuru, akasema kama hakuna ugonjwa hakuna Chanika, na kwa kuwa hali ni ya kawaida basi na kazi ni za kawaida, na pipa la maji lile halina kitu. Somoe akafungua mzigo wake, akachukua ndoo akaenda bombani.

Na hakuwa peke yake. Maneno ya nesi yalizunguka Temeke kuliko habari za harusi, na kila mume na kila mama mkwe akawa na jibu. Mjamzito akishika kifua, kawaida. Akikaa chini kupumua, kawaida, inuka. Kabla ya hapo mapepo yalikuwa na madai yao na watu waliyasikiliza. Nesi alikuja na ukweli mtupu, na ukweli haukumdai mtu chochote. Chausiku, ambaye alikuwa na mimba changa na pepo wake ndiyo kwanza ameanza kuitaja rangi ya kanga aitakayo, aliambiwa na mumewe asimchezee, damu imeongezeka basi. Tangu siku hiyo akipishana na Felicitas njiani alitazama upande wa pili.

Siku ya kliniki iliyofuata Somoe alikwenda mwenyewe, bila mume. Alingoja mpaka wenzake wote wametoka, akafunga mlango, akamwomba nesi amfanyie hisani moja tu: amwambie Bi Hija kwamba yeye ni mgonjwa. Si mgonjwa sana. Mgonjwa wa kufika Chanika tu.

Felicitas alishtuka. Akasema hawezi kusema ugonjwa usiokuwepo, kwa sababu leo akisema uongo, kesho atakapomwona mwenye moyo mbovu kweli akasema mpelekeni hospitali, nani atamwamini? Somoe akamweleza basi yote, Chanika, Kisarawe, pepo, pipa la maji. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza uso ulibadilika. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba maelezo yake yakitoka mlangoni huenda mahali.

"Nilisema ni kawaida," akasema. "Sikusema ni bure. Nitakuja kwenu nimweleze mama vizuri."

Loo! Maelezo yaliharibu, na dawa aliyoiona yeye ni maelezo zaidi. Lakini Somoe alikuwa hana mwingine wa kumtegemea, akaitikia.

Jumapili baada ya kanisa Felicitas akabisha hodi, akampa Bi Hija shikamoo kwa magoti kama wanavyofanya kwao, na hilo peke yake lilimfungulia mkeka na chai. Somoe alijitia anachambua mboga pale pale uani, masikio yote yako huko. Nesi akaanza tangu mwanzo, pole pole. Akasema moyo wa mjamzito ni mtu aliyeongezewa kazi na hakuongezewa mkono. Akasema mwanamke anayebeba mimba, hata akiwa amekaa kitako mnamwona hana kazi, ndani moyo wake unasukuma karibu nusu zaidi ya mwenzake asiye na mimba. Kwa hiyo kawaida si kukaa bure. Kawaida ni kazi kubwa inayokwenda sawasawa, na mwenye kufanya kazi kubwa hupumzishwa, hubebewa maji, na moyo wake huachwa utulie, hasa kwa kukaa karibu na watu wake. Alilisukuma kwa hila lile neno la mwisho, na mtu asiyezoea hila huonekana, lakini Bi Hija hata hakulisikia. Alikuwa ameweka kikombe chini.

Akauliza kama hali hiyo ni ya wanawake wa siku hizi au hata wa zamani. Nesi akasema wote, tangu dunia kuumbwa.

"Mie nimezaa wanane," akasema Bi Hija. "Nimezika watano. Na hao watano pia, moyo wangu ulifanya hivyo?"

"Hata hao, mama. Kwa kila mmoja."

Bi Hija akaweka mkono kifuani. Nesi aliaga amefurahi, akamkonyeza Somoe mlangoni. Somoe alihesabu kwamba keshafika Chanika.

Asubuhi Bi Hija hakuamka. Mwishehe akaingia mbio, akamkuta mama yake amelala ubavu wa kushoto, kanga imefungwa kichwani, mkono kifuani, macho makavu. Akauliza anaumwa nini. Akajibiwa haumwi, anapumzika. Mimba nane amefanyiwa kazi na moyo huu, hakuna aliyeuambia ahsante, hakuna aliyempumzisha hata mchana mmoja, basi anapumzika sasa. Na uji uwe na nazi.

Mwishehe alitoka amepigwa na butwaa. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Wazee wenzake Bi Hija wakaja kumtazama mgonjwa, wakaelezwa, wakatoka wanahesabu mimba zao kwa vidole. Kabla ya wiki kwisha, mtaa ule mama wakwe kadhaa walikuwa wamelala ubavu wa kushoto, na wanawake wenye matumbo wanapishana bombani kuwatekea. Aliyetaka maendeleo ya uzazi Temeke angekuja kuyatazama hapo. Mwishehe akaenda kumwita nesi, nesi akaja na mipira yake, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Mama, moyo wako ni mzima kabisa." Bi Hija akasema anajua ni mzima, umechoka. Kwa mara ya kwanza tangu aje Temeke, Felicitas hakuwa na la kueleza. Aliuliza kama anaweza kupata chai.

Na Somoe? Somoe alipika, alifua, alifagia, aliteka maji ya watu wote watatu, na moyo ukimwenda mbio hakuwa hata na mahali pa kuuweka. Alimchukia nesi, akamchukia mganga kwa kuwa hakuwa na nguvu zaidi, akamchukia mama mkwe. Na mwezi wa nane ulikuwa unakwisha. Alijua akiachwa hapo siku chache zaidi hakutakuwa na safari tena, gari la Chanika halimchukui mtu wa uchungu. Atazaa humu, kwa watu, mama yake hayupo. Wazo hilo lilimtisha kuliko uchungu wenyewe.

Mchana mmoja akaingia na bakuli la uji, akalitua kwa kishindo, na hasira ikamshinda adabu. Akasema mama, na mama yangu mie je, yule aliyezaa tisa kule Chanika, naye nani atampelekea uji wake? Nani atamwambia?

Akangoja matusi. Bi Hija alijiinua akakaa, akalitazama lile bakuli.

"Mimba yangu ya kwanza," akasema, "moyo ulinienda mbio kama wewe. Nikiwa Mbwamaji, kwa mume. Mama mkwe wangu akasema uvivu. Nikaomba niende kwa mama, wakasema huna ugonjwa, utakwenda ukiugua. Nikazaa kwa watu. Mama aliletewa habari akaja, akakuta mtoto keshazikwa."

 Somoe alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hasira yote ilikuwa imemtoka, ikamwacha na aibu, na chini ya aibu, nisifiche, hofu ileile: kwamba hata baada ya haya ataambiwa hapana. Bi Hija alikunywa uji kidogo. Kisha akasema kwamba mama yake alifariki zamani na kule kwao sasa hana hata mlango wa kubisha.

"Mie sina kwa mama," akasema. "Twende kwa mama yako. Sote wawili."

Haya basi. Walipoondoka, mganga wa Mtoni aliwaambia watu aliyajua, pepo akitaka Chanika atapata Chanika, na tena huyu alikuwa mkubwa, amemchukua na mwenye nyumba. Felicitas naye aliwaambia manesi wenzake kwamba hiyo ndiyo faida ya kueleza jambo likaeleweka. Mwishehe aliwapakia kwenye gari na vikapu vyao, akasimama barabarani na kaptula yake iliyopigwa pasi, hajui amshukuru nani, wala usiku huo atakula kwa nani.

Huko Chanika, mama yake Somoe, Mwanabaraka, alisikia gari limesimama akatoka na mikono yenye unga. Aliwaona wawili wanashuka, mmoja ameshika tumbo, mwingine ameshika kifua. Somoe alikuwa amengoja miezi minane kumwangukia yule mwanamke shingoni, na alipofika alikuta Bi Hija keshamwangukia yeye, analia kwa sauti, mjane mzima mwenye nyumba yake. Mwanabaraka hakuuliza kitu. Kina mama wengine hawahitaji kuelezwa. Aliwaongoza wote wawili ndani, akawalaza kwenye kitanda chake kimoja cha kamba, Somoe upande wa ukuta na Bi Hija upande wa nje, akawafunika, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na bakuli moja, kwa sababu chungu kilikuwa kidogo na uji wa bakuli la pili bado unachemka, na bakuli hilo akampa mgeni. Akakaa kitako kando ya kitanda akamlisha kwa kijiko, funda kwa funda, anamwambia kula mwanangu, kula.

Somoe aliona wivu, wivu wa kitoto kabisa. Yule alikuwa mama yake yeye, uji ulikuwa wake, na moyo uliokuwa unakwenda mbio kwa kweli mle chumbani ulikuwa wake. Alimtazama Bi Hija anavyomeza huku machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kijiko. Kisha akageukia ubavu wa kushoto, akajisogeza ukutani ili mwenzake apate nafasi.